Karanga upande A, aibu upande B

Nimeona niandike mwenyewe maana wifi yangu ashanitangulia kwenye grupu la familia, na anavyosimulia yeye eti nimechemsha santuri za baba mkwe kwenye sufuria la makande. Sijachemsha. Nimeoka. Kama mnanisema mnisemee kitu nilichofanya.

Mnaonifuata mnajua ugonjwa wangu wa maua, kibaraza chetu hapa Tabata hakipitiki, ndoo za rangi, matairi, jagi la blenda lililopasuka, kila kitu kina mmea ndani. Sasa kuna video inazunguka, dada mmoja wa Marekani anachukua santuri ya zamani, anaifunika juu ya bakuli la chuma lililogeuzwa, anaingiza kwenye oveni nyuzi mia au karibu na hapo, dakika chache tu inalegea kama chapati mbichi, anaibonyeza inashika umbo la bakuli, ikipoa inakuwa ngumu tena na marinda yake pembeni. Na uzuri wake tundu lipo tayari katikati, maji yanatoka yenyewe, huhangaiki kutoboa. Nilipoona hilo tundu nilipiga makofi peke yangu sebuleni. (Tundu mlikumbuke, linarudi.)

Na santuri ninazo! Boksi zima juu ya kabati, lilikuja kwetu baba mkwe alipohama Magomeni, mashine ya kupigia ilishakufa zamani. Nikamuuliza baba watoto, akanijibu macho yakiwa kwenye mpira, "Chukua tu, zinakula vumbi hizo." Alitamka kwa mdomo, ndo tatizo. Siku hizi ruhusa ya mume inabidi uiombe kwa meseji ili upige skrinshoti.

Basi nikachambua. Nyingi ni zile ndogo za wimbo mmoja kila upande, za bendi zetu za Dar za enzi zile, NUTA Jazz, Western Jazz na wenzao, zimechapwa Nairobi maana huko ndiko kulikokuwa na kiwanda. Ndogo mno hizo, hata mche wa pilipili utabanana. Chini kabisa kulikuwa na zile nzito za zamani zaidi, za spidi 78 (mizunguko 78 kwa dakika), na hapa wapenda maua wenzangu nisikilizeni kabla hamjaharibu vya watu: zile sio plastiki. Zile ni utomvu wa wadudu uliochanganywa na unga wa mawe, ndo zilivyokuwa enzi za Siti binti Saad alipoenda Bombay kurekodi 1928, ukiidondosha inapasuka vipande vipande. Hizo nikazirudisha kwa adabu zote. Nikabaki na LP moja, ile santuri kubwa ya nyimbo nyingi, sentimita 30, rumba la Kongo, mikwaruzo pande zote, nikasema wewe mzee wangu umeshastaafu. Kwenye lebo kulikuwa na maandishi ya peni yaliyofifia. Sikuyasoma. Tuendelee.

Kuoka kulienda vizuri jamani, nisiwadanganye, ila fungueni madirisha na msizidishe moto maana hiyo plastiki ya santuri, PVC, ikianza kuungua moshi wake ni sumu. Likatoka bakuli jeusi linameta, marinda yamekaa sawasawa utadhani limenunuliwa Mlimani City. Nikaliosha, nikaliacha kichanjani likauke nije nipande mshubiri jioni. Kichanja cha vyombo. Pale pale penye mabakuli ya kulia.

Mchana huo huo honi getini, baba mkwe huyo, kaletwa na wifi, kanzu nyeupe imenyooshwa mpaka inakata. Shikamoo baba, marahaba mama, habari za hapa, nzuri baba, nikakimbilia jikoni kupika chai ya tangawizi huku nampigia wifi kelele, "Mtengee baba karanga kwanza, vyombo viko kichanjani!" Mimi. Kwa sauti yangu hii hii.

Natoka na trei, chupa ya chai, vikombe, nakuta mzee kakaa kwenye kochi kapakata bakuli langu. Limejaa karanga. Miguu ikagoma. Nikasema moyoni labda hatajua, mzee macho yake siku hizi hayaoni vizuri, atakula nusu, nitamuomba bakuli nimuongezee, nilipoteze. Akachota. Akatafuna. Akachota tena. Halafu nikaona kwenye kanzu, pale mapajani, chumvi. Kidogo tu. Halafu maganda mekundu. Halafu karanga moja nyembamba ikapita kwenye tundu, to! Mzee akaiangalia. Akaiokota, akaila. Ikaja nyingine, to! Akapapasa chini ya bakuli kwa kidole, akakuta tundu, kidole kikazunguka pale taratibuuu, na mimi bado nimesimama na trei, vikombe vimeanza kugongana vyenyewe.

Akaingiza mkono mfukoni. Akatoa miwani. Jamani miwani! Akaifuta kwa pindo la kanzu, upande mmoja, akapumzika, upande wa pili. Akavaa. Akalinyanyua bakuli juu ya kichwa na karanga zake, akawa anasoma lebo kwa chini, karanga zinamdondokea kwenye kofia, na anasoma kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya serikali: jina lake kamili, halafu "1975", halafu "UKIAZIMA RUDISHA".

Kimya. Wifi naye simu iko mkononi, eti alikuwa anajibu meseji.

"Mama."

"Abee baba."

"Hii si santuri yangu?"

"Ndiyo baba."

"Mbona naona upande B tu. Upande A uko wapi?"

Sasa ndugu zangu, mtu mwenye akili hapo analia, au anaomba radhi, au anazimia. Mimi nikajibu swali. "Uko kwa ndani baba, na karanga."

Wifi alianguka chini. Sio kwa huzuni.

Yaliyofuata sina nguvu ya kuyaeleza, chai ilinywewa, baba watoto alipoitwa akasema ndo kwanza anasikia habari za boksi, boksi limeondoka na mzee siku hiyo hiyo, spidi 78 akazihesabu kwanza mbele yangu. Hakunigombeza hata neno, na bakuli aligoma kulitoa mpaka karanga ziishe. Tangu hapo wajomba wananipigia kuuliza leo nimeoka nini. Nimeitafuta LP ile ile mtandaoni nimlipe, kumbe Wazungu wanazikusanya hizi, niliyoipata iko Uholanzi na bei yake ni friji. Sio mlango wa friji, friji zima.

Kwa hiyo mwenye LP za rumba za miaka ya 70 nyumbani kwao aje inbox tuelewane. Iwe imenyooka tu tafadhali, ya kupinda ninayo.