Hurling ya Ireland: Ridhaa hadi lini?

Siku ya fainali ya hurling, uwanja wa Croke Park jijini Dublin hujaa watu wapatao 82,000 na tiketi hutafutwa kwa udi na uvumba. Mchezaji anayeshangiliwa na umati huo halipwi mshahara. Ni mwalimu, mkulima, fundi umeme au mwanafunzi wa chuo. Chama kinachosimamia mchezo huo, GAA, kilizaliwa mjini Thurles mwaka 1884, na mpaka leo kimeshikilia kwamba wachezaji wake ni wa ridhaa.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: timu mbili za watu 15, kila mmoja na fimbo ya mbao iliyo bapa nchani, na kijipira kigumu cha ngozi kinachokaribia ukubwa wa mpira wa tenisi. Kikipita juu ya mtambaa panya ni pointi moja, kikitinga wavuni ni tatu. Mtu hukimbia huku kijipira kikirukaruka nchani mwa fimbo yake, na beki wa kaunti jirani anakitafuta kwa fimbo ya kwake. Kofia ya kinga ilifanywa lazima kwa watu wazima mwaka 2010. Ndiyo, 2010.

Wanaotaka wachezaji walipwe wana hoja nzito. Utafiti wa mwaka 2018 wa ESRI, taasisi ya Ireland ya utafiti wa uchumi na jamii, ulionyesha kwamba mchezaji wa timu ya kaunti hutumia hadi saa 31 kwa wiki kwa ajili ya mchezo, ukijumlisha mazoezi, safari na maandalizi. Hiyo ni ajira ya pili. Wapo wanaochagua kazi kwa kuangalia kwanza kama itawaachia jioni zao, na ualimu unawafaa wengi.

Wapinzani huwajibu kwa majina ya zamani. Christy Ring wa kaunti ya Cork aliendesha lori la mafuta, na bado wapo wanaomwona kuwa mchezaji bora kuliko wote. Jack Lynch, wa Cork pia, alitwaa ubingwa wa Ireland miaka sita mfululizo kuanzia 1941 (mitano ya hurling, mmoja wa mpira wa Gaelic, aina ya soka ya Ireland inayoruhusu kutumia mikono, nayo chini ya GAA), kisha mwaka 1966 akawa waziri mkuu. Mifano mizuri, ila haijibu swali. Lynch hakuwa na mtaalamu wa lishe wa kumuuliza jana alikula nini. Mchezaji wa leo anabanwa kama mtu wa kulipwa, isipokuwa mwisho wa mwezi haoni kitu zaidi ya kurudishiwa nauli na ruzuku ndogo ya serikali.

Na makocha je? Kanuni inawataka nao wawe wa ridhaa, lakini malipo ya chini ya meza yamekuwa siri ya wote. Mwaka 2012 mkurugenzi mkuu wa GAA wa wakati huo, Páraic Duffy, alilazimika kuandika waraka mzima wa kulijadili jambo hilo.

Pamoja na yote hayo, mimi nasita kuunga mkono mishahara, na sababu yangu ni raga. Raga ilifungua mlango wa malipo mwaka 1995. Miaka hiyo klabu za mji wa Limerick, kama Shannon na Garryowen, zilitamba katika ligi ya Ireland na kuvuta maelfu viwanjani. Fedha zilipoingia, nyota walihamia timu za majimbo kama Munster, na mashabiki wakawafuata huko. Raga ya Ireland imepanda kimataifa, hakuna ubishi. Klabu za mtaani ndizo zilizobaki na viti vitupu.

GAA imesimama juu ya klabu hizohizo za mtaani. Kwa kawaida mtu huchezea parokia aliyokulia, kisha kaunti yake. Hakuna dirisha la usajili la kumnunua. Leitrim ina watu kama 35,000, na katika mpira wa Gaelic imebeba ubingwa wa jimbo la Connacht mara mbili tu, 1927 na 1994. Ruhusu mishahara, na kijana wake wa kwanza mwenye kipaji atapokea simu kutoka Dublin, kaunti yenye watu zaidi ya milioni moja na laki nne.

Kwa hiyo ningeanza na saa badala ya mishahara: mazoezi yawekewe kikomo kinachosimamiwa kweli, na bahasha za makocha ziwekwe hadharani au zikome. GAA ikishindwa hayo mawili, itakuwa vigumu kumwambia mchezaji avumilie kwa mapenzi ya parokia. Tena hesabu inakaribia kufunguliwa upya, kwa sababu vyama vya wanawake vya camogie (hurling ya wanawake) na mpira wa Gaelic vimepangiwa kuungana na GAA ifikapo 2027, na wachezaji wao wamelalamika kwa miaka kwamba hata hiyo nauli wanayorudishiwa wanaume, wengi wao wamekuwa wakiitoa mfukoni.