Mhandisi asome historia? Kozi za lazima kwenye shahada ya kwanza

"Mimi nimekuja kusoma uhandisi, hii DS ya nini?" Kila muhula wa kwanza swali hili hurudi. DS ni Taaluma za Maendeleo, kozi ambayo kwa miaka mingi wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameisoma hata kama fani yao ni mitambo au hisabati. Swali lenyewe si la kupuuza. Kozi ya lazima inakula saa na ada, na ukifeli unapiga sapu, yaani mtihani wa marudio, kama kozi nyingine yoyote.

Chuo kilipofunguliwa 1961 kilitoa shahada za University of London, nasi tukarithi mtindo wa Uingereza: chagua fani yako, uichimbe mpaka mwisho. Oktoba 1966 wanafunzi wakaandamana kupinga masharti mapya ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao karibu 400. Mwaka uliofuata, baada ya Azimio la Arusha, uliitishwa mkutano kujadili nafasi ya chuo katika nchi ya kijamaa, na hoja ya kozi ya pamoja kwa wote ikapata nguvu. Wanaosema DS ilizaliwa na siasa hawakosei.

Lakini hata pasipo na ujamaa kozi za lazima zipo. Marekani shahada ya kwanza huwa na krediti kama 120, na sehemu kubwa si ya fani. Chuo cha Columbia kilianza 1919, vita vikiwa vimeisha juzi tu, kuwataka wanafunzi wote wasome kozi moja juu ya ustaarabu wa sasa. Chuo Kikuu cha Brown, hukohuko Marekani, 1969 kilikwenda kinyume kabisa: kikafuta orodha ya kozi za lazima, mwanafunzi ajipangie. Vyuo vyote viwili vinaheshimika mpaka leo, na wapinzani wa DS hupenda kuutaja mfano wa Brown.

Mimi mfano huo haunitoshi, kwa sababu ya kidato cha tano. Mwanafunzi wa Marekani huingia chuoni akiwa bado anasoma hesabu, fasihi, sayansi na historia kwa pamoja. Wa kwetu alishachagua tahasusi, yaani masomo matatu ya kidato cha tano na sita. Aliyechukua PCM (fizikia, kemia, hisabati) aliiaga historia kidato cha nne au kabla ya hapo, na wa HKL (historia, Kiswahili, Kiingereza) hajagusa hesabu tangu kidato cha nne, labda zile za dukani. General Studies, somo la maarifa ya jumla, haizibi pengo hilo. Ukimwachia kijana huyu uhuru wa Brown, atachagua kile anachokijua tayari. Simlaumu, ndivyo tulivyomlea.

Upande wa pili una hoja nzito kuliko ile ya siasa. Nimesoma kozi ya namna hii, chuo nisichokitaja. Ukumbi mmoja ulijaa mamia ya watu, waliochelewa wakasimama madirishani, na maikrofoni ilikuwa ikikatika. Tulinunua kitini kwenye duka la kutoa kopi, tukakikariri usiku wa kuamkia mtihani. Nilipata B, na sikumbuki ukurasa hata mmoja. Mzazi aliyeuza ng'ombe kulipa ada ana haki ya kuuliza kwa nini saa zile hazikutumika karakana.

Ninachokumbuka ni semina moja. Tulikuwa kumi na watano, na mhadhiri msaidizi alitandika mezani ramani ya Reli ya Kati, ile Wajerumani waliyoanza kuijenga 1905 ikafika Kigoma 1914. Akauliza kwa nini imepita pale. Mwenzetu wa uhandisi wa ujenzi, mtu wa hesabu kali, alisema alidhani reli hufuata ardhi tambarare tu. Tulibishana saa nzima: nani alitaka nini kifike bandarini, na miji gani iliachwa kando. Sidhani kama yule jamaa aliwahi kuitazama tena ramani ya reli kwa macho yale ya mwanzo.

Ndiyo maana nasimama na kozi za lazima, ila ziwe chache, mbili au tatu kwa shahada nzima. Mwanafunzi achague mada ndani yake, na alama zitokane na insha, si mtihani wa kukariri kitini. Na wa HKL naye apewe takwimu kwa kiwango kile kile cha lazima.

Kikwazo ni wasahihishaji. Wanafunzi 600 wakiandika insha ya kurasa 4, ni kurasa 2,400 kwa zoezi moja. Mhadhiri mmoja haziwezi. Wahadhiri wasaidizi 20, kila mmoja na wanafunzi wake 30, wanasahihisha kurasa 120 kila mmoja, na hiyo ni kazi ya wiki moja. Chuo kisichoweza kuwaajiri hao, heri saa za kozi hiyo zirudishwe karakana.