Mwingereza na Kizee Chake cha Saruji

Tuanze na jina la kizee chenyewe, ambacho Waingereza wanakiita gnome. Wanaliandika kwa G, halafu hiyo G hawaisomi. Imekaa pale mbele kama shemeji aliyekuja kutembea akahamia: ipo, inachukua nafasi, kazi haifanyi, na ole wako uiguse. Ukiitamka, wameshajua kwenu ni wapi. Sisi tutasema nomu, maisha yaendelee. Nomu ni kile kizee kifupi cha saruji au udongo wa kuchoma, ndevu hadi kifuani, kofia nyekundu ya ncha, kimekaa bustanini na fimbo yake kikivua samaki kwenye kidimbwi kisicho na samaki. Hakipigi kelele, hakili, hakiombi nauli. Na bado kuna Waingereza wazima, watu na shahada zao, wakikiona mbele ya nyumba ya jirani wanakunja pua kana kwamba chemba ya choo imefurika.

Huku kwetu mtu akimaliza kujenga anapandisha simba wawili wa saruji juu ya nguzo za geti, na mtaa mzima unajua jamaa kafika. Uingereza ukiweka simba hao kwenye kanyumba ka vyumba vitatu, mtaa unajua jamaa hajafika, na hata nauli ya kufikia hana.

Ingekuwa wanachukia sanamu, ningewaelewa. Hawachukii. Nenda kwenye majumba yao makubwa uone: miungu ya Kirumi imesimama uchi kwenye mvua, watoto wa mawe wananyonga samaki wateme maji, mbwa wa marumaru wamelala ngazini. Hakuna anayeguna. Sasa kizee cha sentimita 30, kimevaa nguo zake zote mpaka na mkanda, ndicho kinachovunja heshima ya mtaa. Nielezeni.

Na msidhani nomu aliingia Uingereza kwa kupitia uswahilini. Aliingia kwa mlango wa mbele, ushuani kabisa. Anayetajwa kuwaleta ni Sir Charles Isham, mwenye jumba la Lamport Hall kule Northamptonshire. Katika miaka ya 1840 aliagiza vizee 21 vya udongo wa kuchoma kutoka Nuremberg, Ujerumani, akavipanga kwenye kilima cha mawe alichokijenga kando ya nyumba, kama wachimba madini walio kazini. Bwana mkubwa anacheza na midoli kwenye mawe. Watu wakasema ana kipaji. Alipofariki mwaka 1903, mabinti zake, ambao mapenzi ya baba yao hayakuwaingia, wakavifagilia mbali. Kikasalia kimoja tu kilichokuwa kimejibana kwenye mwanya wa mawe. Leo kinaitwa Lampy, kinaishi ndani ya nyumba, mvua kinaisikia tu kwenye madirisha, na kimekatiwa bima ya pauni milioni moja. Milioni! Mwenzake aliyetoka kiwandani juzi, kofia ileile, ndevu zilezile, anaambiwa anashusha thamani ya nyumba.

Kabla ya hapo matajiri wa karne ya 18 hawakuhangaika hata na udongo wa kuchoma. Waliajiri mtu. Namaanisha mtu, mwenye mama yake. Inasimuliwa kwamba Charles Hamilton, mwenye bustani ya Painshill kule Surrey, alitafuta mtawa wa mapambo: akae kwenye kibanda bustanini miaka 7, asikate nywele, ndevu wala kucha, asiseme neno na watumishi, avae joho zito, apewe Biblia, miwani, na kipima muda cha mchanga. Akimaliza, alipwe gini 700. Kila gini ni pauni moja na shilingi juu, kwa sababu pauni peke yake ilikuwa ya kishamba. Jamaa aliyepata kazi alidumu wiki 3, akakutwa baa. Mimi simlaumu. Lakini ona mambo: kumfuga binadamu mwenye ndevu bustanini ilikuwa ladha nzuri ya kiungwana. Kumweka wa saruji, asiyekunywa wala kutoroka, ni ushamba.

Kosa la nomu si umbo lake. Kosa lake ni kwamba alinunuliwa. Dukani, Jumamosi, kwa pesa taslimu, na risiti ipo. Ushuani wa Kiingereza kitu hakinunuliwi, kinakutwa. Michael Heseltine, waziri na tajiri aliyechuma mamilioni kwa uchapishaji, alisengenywa na watu wa chama chake mwenyewe kwamba ni mtu aliyejinunulia fanicha. Hilo ni tusi! Kwetu mtu akijinunulia kochi anapigiwa vigelegele, na majirani wanakuja kulikalia zamu kwa zamu. Kule kochi linatakiwa liwe limetoka kwa babu wa babu, springi moja imechomoza, na mbwa ana haki zaidi ya mgeni.

Kwa hiyo bwana wa kishua akibanwa akalazimika kununua kitu kipya, lazima akizeeshe. Sikilizeni ufundi wenyewe, maana upo na unafanya kazi. Unachukua chungu kipya cha saruji au cha jiwe. Unakilowesha maji kwanza, kwa sababu kikiwa kikavu kitanyonya kila kitu kabla hujamaliza kupaka. Unachukua mtindi usiotiwa sukari, unaulegeza kwa maji mpaka ushuke kwenye brashi, unapaka kila upande, hasa kwenye mikunjo. Halafu unakiweka kivulini upande wa kaskazini wa nyumba na kukinyunyizia maji kiangazi kisikauke. Baada ya miezi kadhaa kimeota ukoga wa kijani na madoa ya kijivu, na mgeni anasema, lo, cha zamani hiki! Ukikiweka juani mtindi unakauka, unabanduka kama magamba, umepata harufu tu. Mtindi huo, jamani, mtu mwingine angeulia ugali. Na mtaa wa pili kuna mzee wa watu na brashi ngumu na ndoo ya maji ya sabuni, anamsugua nomu wake ukoga uleule utoke. Mmoja anaitwa mpenda bustani, mwingine anaitwa hana ladha.

Wanaodharau saruji waijaribu siku moja waone. Unaanza na kalibu ya mpira, laini kama soksi, ukiigeuza kichwa chini. Unaipaka sabuni ya vyombo ndani isigande, na kuisimamisha kwenye ndoo ya mchanga isije ikapanuka tumbo. Ukisahau, unapata nomu mjamzito. Mchanga laini uliochekechwa sehemu 3, saruji sehemu 1, maji kidogokidogo mpaka ukifinya konzi lishikane bila kuchuruzika. Hapo kwenye maji ndipo watu wanapoangukia. Maji yakizidi yanashuka vizuri, mtu anafurahi, kumbe yakikauka yanaacha vitundu, na hivyo vitundu ndio mlango wa matatizo yote ya mbele. Yakipungua, mchanganyiko haufiki kwenye ncha ya kofia, ambayo sasa iko chini kabisa. Dawa yake ni kutanguliza vijiko viwili vya uji wa saruji kwenye ncha, ndipo ujaze theluthi moja, ugongegonge pande zote, ujaze tena, ugonge tena. Pua inataka kijiti chembamba cha kuchokoa, maana hewa inapenda kujificha pale. Vizee vingi visivyo na pua havikupigwa na mtu, vilizaliwa hivyo.

Unaacha siku mbili. Unamenya mpira taratibu kuanzia miguuni, kwa sababu ukivuta kwa haraka mkono wa fimbo unabaki kwenye kalibu. Unamfunika kwa nailoni yenye unyevu wiki nzima, unamwacha hadi siku ya 28, ndipo rangi. Mwenye pupa anapaka siku ya tatu. Magadi ya saruji bado ni makali, yanaila rangi, na chumvi nyeupe inatoka puani kama mafua. Sasa huyo fundi unamwita hana ladha? Baba yake John Major alifanya biashara hii, mzee Tom Major-Ball: baada ya maisha ya jukwaani akatengeneza na kuuza mapambo ya bustani, nomu wakiwemo. Mwanaye aliacha shule na miaka 16, na mwaka 1990 akawa waziri mkuu wa Uingereza. Angetoka kwa mwenye mashamba asingekumbushwa. Kwa kuwa alitoka kwenye saruji, hawakumwachia. Vichekesho vya nomu vilimfuata mpaka ofisini. Yaani mtu anaongoza nchi, wanamtazama viatu kama vina vumbi la simenti.

Baridi sasa. Baridi ya kule haiulizi ukoo. Maji yanaingia kwenye vitundu, usiku yanaganda, na yakiganda yanatanuka kwa asilimia 9 hivi. Usiku mmoja si neno. Lakini yanaganda, yanayeyuka, yanaganda tena, mpaka Machi shavu la nomu linadondoka kama plasta ya ukuta mbichi. Wa udongo wa kuchoma ndio wanaoumia zaidi kama tanuri halikuwa na moto wa kutosha. Na mtu akiweka fimbo ya waya wa kawaida, waya unapata kutu ndani ya ngumi, kutu inavimba, ngumi inapasuka. Weka waya wa shaba, au kijiti cha mwanzi ubadilishe kila mwaka.

Mabwana wakubwa hili walilijua zamani. Kule Dunmore, Uskoti, kuna jengo la mwaka 1761 lenye paa la nanasi. Nanasi, ndiyo, la mawe, la mita 14 hivi, lina majani yake yote, kwenye bustani ya Earl, yaani mwinyi mwenye cheo, wa Dunmore. Kila jani limechongewa njia yake ya kutolea maji yasituame yakaganda. Kazi ya fundi hodari, nakubali, na mimi kofia navua. Lakini ni nanasi juu ya paa! Likiwa la Earl linaitwa usanifu. Mwenye nyumba ya kupanga akiweka nanasi la plastiki barazani wanauliza kama ana matatizo.

Maonyesho ya maua ya Chelsea nayo yalipiga nomu marufuku miaka na miaka, chini ya kanuni za kuzuia viumbe vya hadithi vyenye rangi kali. Mwaka 2013, maonyesho yakitimiza miaka 100, wakafungua mlango kwa muda: watu maarufu kama Elton John wakapaka nomu rangi, wakanadiwa kwa hisani. Sherehe ikaisha, marufuku ikarudi. Kumbe rangi kali ni mbaya mpaka ipakwe na tajiri.

Halafu kuna papa. Agosti 9, 1986, wakazi wa Headington, Oxford, waliamka wakakuta papa wa fiberi wa mita 7.6 amezama kichwa kwenye paa la nyumba ya kawaida katikati ya nyumba nyingine, mkia juu. Mwenye nyumba, Bill Heine, na mchongaji John Buckley, walikuwa na lao: siku hiyo bomu la nyuklia la Nagasaki lilikuwa linatimiza miaka 41. Halmashauri ikasema ni hatari. Wahandisi wakapanda, wakakuta vyuma vimeshika barabara. Halmashauri ikasema basi hana kibali. Ikajitolea hata kumhamishia kwenye bwawa la kuogelea la umma, maana kwa mantiki yao papa kwenye maji ya watoto ni afadhali. Rufaa ikaenda wizarani, wakati huo wizara ikiwa chini ya nani? Yuleyule Heseltine wa fanicha. Mwaka 1992 serikali ikaamua papa abaki. Mwaka 2022 halmashauri ileile ikamwandika kwenye orodha ya urithi wa mji, na mtoto wa Heine akapinga, maana papa aliwekwa bila kuomba ruhusa na sasa anapewa ruhusa asiyoiomba. Miaka 36 kutoka uchafu hadi urithi. Mwenye nomu afanye hesabu hapo.

Akisubiri, amtunze. Oktoba ikikaribia mwisho, amwoshe kwa brashi laini, asitumie mashine ya presha inayomenya rangi pamoja na ngozi. Amwache akauke siku kadhaa mahali penye hewa. Asipake vanishi chini ya miguu, unyevu upate pa kutokea. Kisha amwingize bandani, juu ya vipande viwili vya mbao, asikae sakafuni. Kwenye majumba makubwa nao huvalisha sanamu za marumaru mifuko iliyoshonwa kwa kipimo cha kila moja. Ukipita Desemba unaona mizimu imejipanga kwenye majani. Hiyo huitwa uhifadhi. Wa mtaani anafunikwa mfuko wa supamaketi, na hakuna ubaya, ila usifungwe fundo shingoni. Ukifungwa, jasho linakaa ndani, na Aprili mzee anatoka na kofia imebanduka rangi nusu, nyekundu upande mmoja, kijivu upande wa pili, na jirani wa kishua anasimama kwenye ua wake kwa mara ya kwanza, anamwangalia, anauliza ni wa miaka ya ngapi.