Stelingi hafi, lakini angalau akimbie

Jumamosi usiku nilifanya kosa la kukaa sebuleni wakati mpwa wangu ameshika rimoti. Walikuwa wanarudia Resident Evil: Apocalypse, ile filamu ya mazombi ya 2004. "Anko, hii ndiyo kali kuliko zote," akaniambia, mtoto ambaye filamu inatoka alikuwa hajazaliwa. Nikavumilia dakika 94 bila kumjibu. Majibu yake ni haya.

Gemu iliyozaa filamu hii, Resident Evil 3: Nemesis ya mwaka 1999, mimi niliichezea banda la mtaani, kwa kulipia dakika. Memori kadi ya banda ilikuwa imekufa na mwenye banda hana mpango wa kununua nyingine. Kwa hiyo zile tepe za wino za taipureta, ambazo kwenye gemu ndizo za kuhifadhia ulipofikia, kwetu zilikuwa mzigo tu begani kwa Jill Valentine, yule dada unayemchezesha. Kila jioni unaanza upya mji wa mazombi, Raccoon City. Kila jioni zimwi lenyewe, Nemesis, anakukuta palepale, nje ya kituo cha polisi, ananguruma "Stars!", jina la kikosi cha Jill, na mwenye banda, shetani yule, anaongeza sauti.

Kilichotutisha hakikuwa sura yake. Masura mabaya tulishayazoea. Kilichotutisha ni mlango. Kwenye gemu zilizotangulia ukishapita mlango umepona, zimwi linabaki huko huko na wewe unapumua. Nemesis alikufuata. Unafunga, unashusha pumzi, unasikia mlango ule ule unafunguliwa. Watu wanane nyuma ya benchi tunapiga kelele "Kimbia! Kimbia!", risasi zimebaki nne, na mwenye pedi amechanganyikiwa mpaka anakimbilia ukutani. Gemu nzima ni hiyo: kuna kitu kinakutaka wewe, na huna ubavu nacho.

Sasa mwandishi Paul W. S. Anderson akapewa zimwi hilo, bure, limeshapikwa na kupakuliwa. Akalifanyia nini? Akaligombanisha ngumi na stelingi wake, Alice.

Alice, ambaye kwenye gemu ile hayumo, anapasua dirisha la kanisa kwa pikipiki. Anashuka ukuta wa ghorofa mbio, uso chini, kama mjusi anayewahi daladala. Virusi vinavyomwozesha kila mtu yeye vinamwongezea nguvu. Sawa, stelingi hafi, tumekua na sheria hiyo tangu kibanda umiza. Lakini stelingi wa maana kwanza anachakazwa, anakimbia, anajificha kwenye pipa la taka, ndipo tunampenda. Huyu anapita mjini kama mkaguzi wa mazombi. Jill Valentine mwenyewe, mwenye mji wake, kapewa nguo zake zilezile za kwenye gemu na kazi ya kumsindikiza. Na Nemesis? Mwishoni anakumbuka zamani alikuwa mtu mwema, anawageuzia silaha mabosi wake, kampuni ya Umbrella iliyomtengeneza. Zimwi lililoninyima usingizi mwaka mzima limeishia kuhurumiwa!

Mapigano yenyewe yamekatwakatwa hivi kwamba hujui mguu ni wa nani. Alexander Witt ndiyo kwanza alikuwa anaongoza filamu, nisimseme sana.

Haya, nikubali moja, kwa shingo upande. Pale darajani ni pazuri. Wakazi wamejazana getini wanataka kutoka, mzee anaanguka, anapoamka si mzee tena, na Umbrella wanafunga geti watu wakiwa ndani. Hapo hakuna mateke. Kuna mlango uliofungwa na kitu kiko upande wako. Kumbe walijua! Walijua kabisa, halafu wakaamua tuangalie pikipiki.

Jana nimemwekea mpwa gemu yenyewe kwenye kompyuta. Nemesis alipomtokea alitimua mbio, akajitosa kituo cha polisi, akaegemea kiti na kutabasamu. "Nimemkwepa." Nikanyamaza. Akazunguka ofisi, akachukua vitu vyake, na alipokuwa kwenye korido anarudi nje, dirisha likapasuka. Dogo kaachia kibodi kasimama wima.

"Anko, kwani huyu anaingia mpaka ndani?"

"Na milango anafungua."