Kinga ya Mhudumu wa Afya Haiishii Kwenye Barakoa

Mwanzoni mwa Desemba 2020, daktari wa umri wa miaka 28 aliyekuwa akihudumia wagonjwa wa COVID-19 nchini Kenya alifariki kwa ugonjwa huohuo, na wenzake wakaeleza kwamba alikuwa amekaa miezi kadhaa bila mshahara wala bima ya afya. Tarehe 21 mwezi huo chama cha madaktari, KMPDU, kilianza mgomo kikidai, pamoja na mengine, bima na vifaa kinga vya kutosha. Wapo waliowaita madaktari hao wasio na huruma. Kwa maoni yangu, walikuwa wakidai haki ambayo hawakupaswa hata kuiomba.

Tukianza na vifaa vyenyewe, barakoa ya kawaida ya hospitali huacha mwanya mashavuni, na mgonjwa anapokohoa, chembe ndogo zinazoelea hewani hupita humo bila shida. Barakoa ya N95 huchuja chembe hizo iwapo tu imeshika uso barabara: mvaaji huifunika kwa viganja viwili na kupumua kwa nguvu, na akihisi upepo pembeni ya pua, ajue haijamkaa. Hata hivyo, tarehe 28 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ugonjwa huu hauenei kwa hewa, kauli ambayo baadaye lililazimika kuiacha, na wakati huo huo N95 ziliwekewa akiba kwa kazi chache kama kumwekea mgonjwa mpira wa kupumulia.

Kosa hilo lilikuwa na onyo lake. SARS, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na virusi vya jamii moja na vya COVID-19, ilipoingia Toronto nchini Kanada mwaka 2003, wauguzi wawili na daktari mmoja walifariki, na jaji Archie Campbell, aliyeongoza uchunguzi, alisisitiza kwamba hatua za kupunguza hatari zisisubiri uhakika wa kisayansi. Sioni ugumu wa kanuni hiyo. Mwenye kuhitaji ushahidi kamili kwanza huwa anaukusanya kwa mapafu ya wengine.

Hewa nayo husahaulika, ingawa wanaohudumia wagonjwa wa kifua kikuu wanajua siku nyingi thamani ya madirisha yanayotazamana na kuachwa wazi. Chumba cha chai, ambako wahudumu huvua barakoa na kula wakiwa wamebanana, kinastahili dirisha sawa na wodi. (Kwa kawaida ndicho chumba kidogo kuliko vyote.)

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba wahudumu wa afya wapatao 115,000 walifariki kwa COVID-19 kati ya Januari 2020 na Mei 2021. Mhudumu wa mkataba asiyelipwa akiugua atakuja kazini na homa yake, kisha awaambukize wenzake na wagonjwa. Kwa hiyo likizo ya ugonjwa yenye malipo, pamoja na bima, iingizwe katika bajeti ileile ya barakoa, na imhusu pia mfanya usafi aliyeletwa na kampuni ya nje, kwa kuwa ndiye anayefagia wodi ileile na kubeba taka zake.