"Bila Manukato" na "Bila Sumu": Madai Mawili Yasiyolingana Uzito

Chukua chupa mbili za losheni uzisimamishe mezani. Ya kwanza imeandikwa mbele kwamba haina harufu, ya pili imeandikwa kwamba haina manukato. Mnunuzi mwenye haraka huyaona hayo kuwa maneno mawili ya jambo moja, na pua yake humuunga mkono, kwa kuwa ukizifungua zote mbili hazinukii chochote. Zigeuze sasa usome nyuma, kwenye yale maandishi madogo yanayodai miwani. Katika orodha ya viambato vya ile isiyo na harufu, karibu na mwisho, unaweza kulikuta neno Parfum, yaani manukato. Losheni hiyo imetiwa manukato ili kufunika harufu ya mafuta na kemikali nyingine zilizomo, na hiyo ni mbinu halali na ya kawaida kabisa viwandani. Mtu aliyeshauriwa na daktari wa ngozi ajiepushe na manukato atakuwa amekibeba kile kile alichokuwa akikikimbia.

Nimeanza na chupa hizo kwa sababu mjadala kuhusu bidhaa salama za nyumbani na za mwili huendeshwa kana kwamba madai yote ya kwenye lebo ni ya daraja moja, na sivyo. "Bila manukato" ni dai linaloweza kuchunguzwa, kwani manukato ama yamo ama hayamo. "Bila sumu" ni dai lisilo na kipimo, maana halisemi sumu gani, kwa kiasi gani, wala kwa nani. Kwa maoni yangu dai la kwanza lina msingi wa kutosha kumfanya mtu abadili anachonunua, ilhali la pili, likifuatwa bila kuhojiwa, laweza kumfikisha mahali pabaya kuliko alipokuwa.

Msingi wa dai la kwanza ni matatizo matatu ya manukato, na la kwanza lao ni mzio wa ngozi. Kamati ya kisayansi ya Umoja wa Ulaya inayosimamia usalama wa bidhaa za walaji ilikadiria, katika maoni yake ya mwaka 2012, kuwa kati ya asilimia 1 na 3 ya watu barani Ulaya wana mzio wa viambato vya manukato, na kwamba miongoni mwa wagonjwa wa ukurutu kiwango hicho hufikia karibu asilimia 16. Wapo watakaosema asilimia 1 hadi 3 ni kidogo. Ni kidogo kweli, mpaka mtu akumbuke namna mzio huu unavyojengeka. Ngozi inaweza kuvumilia kiambato kwa miaka mingi, huku chembe za kinga zikijifunza polepole kukitambua kuwa adui, na siku zikishajifunza, kumbukumbu hiyo kwa kawaida haifutiki tena. Kwa hiyo anayejitetea kwa kusema "nimetumia miaka 10 sijadhurika" anaeleza yaliyopita tu. Vilevile, aliyekimbilia mafuta ya mimea kama lavenda kwa kuamini kwamba vya asili havidhuru hajapata hifadhi, kwa sababu linaloli na limonini, ambazo mimea huzitengeneza yenyewe, zikikaa zikapigwa na hewa hubadilika na kuwa viamsha mzio vikali kuliko zilivyokuwa chupa ilipofunguliwa.

Tatizo la pili ni usiri. Neno moja la Parfum linaweza kufunika makumi ya kemikali. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1966 kuhusu vifungashio na lebo iliruhusu mchanganyiko wa manukato uandikwe kwa jina la jumla, kwa hoja ya kulinda siri za biashara. Ulaya imekwenda mbali zaidi: tangu 2005 viamsha mzio 26 vya manukato hutakiwa kutajwa kwa majina vikizidi asilimia 0.001 katika bidhaa inayobaki mwilini, au asilimia 0.01 katika bidhaa inayosuuzwa, na mwaka 2023 orodha hiyo iliongezwa ikapita viambato 80. Watengenezaji hujibu kwamba hawasubiri kusukumwa na serikali, kwani IFRA, chombo chao cha kimataifa kilichoanzishwa 1973, hutoa viwango vinavyokataza au kuwekea mipaka viambato kadhaa. Jibu hilo lina uzito, ingawa halifuti ukweli kwamba anayeweka mipaka ndiye muuzaji. Liliali, kiambato cha manukato kilichotumika kwa miaka mingi ndani ya sabuni na marashi, kiliendelea kuuzwa Ulaya hadi kilipopigwa marufuku katika vipodozi mwezi Machi 2022 kwa sababu ya hofu ya madhara kwa uzazi.

Tatizo la tatu husahaulika mara nyingi, nalo ni kwamba manukato hayabaki kwa aliyeyanunua. Losheni ya jirani yako kazini huivuti kwa hiari yako. Limonini iliyopulizwa chumbani ikikutana na ozoni hutoa, pamoja na vitu vingine, formaldehaidi, gesi inayowasha macho na koo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bergen, katika ripoti yao ya 2018 iliyowafuatilia watu 6,235 kwa takriban miaka 20, waliona kuwa nguvu ya mapafu ya wanawake waliofanya usafi, nyumbani au kwa ajira, ilishuka haraka kuliko ya wasiofanya. Haki itendeke hapa: utafiti huo haukuyatenga manukato na dawa nyingine za kusafishia, na kwa wanaume tofauti hiyo haikuonekana. Unatutahadharisha kuhusu dawa za usafi kwa jumla, na anayeutumia kama ushahidi dhidi ya manukato peke yake anaunyoosha kupita kimo chake.

Upande wa watetezi wa manukato nao haustahili kupuuzwa. Watu wengi hawatapata mzio huo maishani, harufu nzuri ni starehe halali, na mtu asiye na pumu wala ukurutu hana sababu ya kuishi kwa hofu ya kipande cha sabuni. Nalikubali hilo. Nisilolikubali ni kulitumia kukataa kuandika majina ya viambato kwenye lebo, kwa kuwa starehe ya mmoja haidhuriwi na taarifa anayopewa mwenzake.

Tukija kwenye "bila sumu", mizani hugeuka. Tangu daktari Paracelsus katika karne ya 16 imefahamika kuwa kipimo ndicho kinachokifanya kitu kuwa sumu, na hata maji yanaweza kuua yakinywewa kupita kiasi. Lakini kasoro kubwa ya dai hili iko katika yale lililokwisha kuyasababisha. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti ulioripoti kuwapo kwa parabeni, ambazo ni vihifadhi, ndani ya uvimbe 20 wa saratani ya matiti. Tishu zenye afya hazikupimwa ili kulinganisha, wala watafiti hawakusema parabeni ndizo zilizosababisha uvimbe huo. Hofu ilienea hata hivyo, na "bila parabeni" likawa tangazo. Losheni yenye maji haiwezi kukaa bila kihifadhi, la sivyo bakteria huifanya makao, kwa hiyo viwanda vingi viligeukia vihifadhi vingine, kikiwamo methilisothiazolinoni. Mzio wa ngozi ulifumuka kiasi kwamba mwaka 2013 chama cha madaktari wa mzio wa ngozi wa Marekani kilikitangaza kuwa kiamsha mzio cha mwaka, na mwaka 2017 Ulaya ikakiondoa katika vipodozi vinavyobaki mwilini. Chama hicho hicho, mwaka 2019, kilizipa parabeni cheo cha "kisicho kiamsha mzio" cha mwaka. Wanunuzi walikuwa wameruka majivu wakakanyaga moto. Si kwamba wakosoaji wa parabeni hawakuwa na hoja yoyote: mwaka 2014 Ulaya ilipiga marufuku parabeni tano na kupunguza kiwango cha nyingine mbili. Lakini uamuzi huo ulitaja majina na viwango, mambo ambayo tangazo la "bila" halina nafasi nayo.

Dawa za kujitengenezea nyumbani zina kasoro ya aina hiyo hiyo. Ukimimina siki juu ya magadi ya soda, povu litapanda kwa kishindo na utahisi kazi inafanyika. Kinachotokea ni asidi na besi kuuana nguvu, na povu likitulia umebaki na maji yenye chumvi kidogo. Hayo ni hasara tu. Hatari ni kwa anayechanganya siki hiyo hiyo na dawa ya klorini, kwa sababu hapo hutoka gesi ya klorini, inayounguza mapafu bila kujali kwamba mchanganyaji alikuwa akikwepa kemikali.

Kwa anayetaka kubadili bidhaa, ningeanza na zile zinazokaa naye saa nyingi: losheni, deodoranti na sabuni ya kufulia, ambayo mabaki yake hushinda yamegusa ngozi. Kikulacho ki nguoni mwako, na hapa msemo huo hauhitaji tafsiri. Zifuate zinazopulizwa hewani. Shampuu inayokaa kichwani dakika mbili ikasuuzwa yaweza kusubiri. Na mwenye vipele visivyokoma asiendelee kubahatisha kwa kubadili chupa, kwani daktari wa ngozi anaweza kumbandika mgongoni vibandiko vyenye viamsha mzio mbalimbali, vikakaa saa 48, kisha ngozi ikasomwa na kusomwa tena siku mbili baadaye. Atatoka na majina kamili ya vitu vinavyomdhuru, ambayo ataweza kuyatafuta kwenye lebo moja baada ya jingine, hadi atakapofika kwenye neno Parfum, ambalo halitamjibu.