Mapafu Hayakingwi kwa Kidonge

Lile tangazo limeanza kusambazwa tena: picha ya mtu aliyebeba mgongoni bomba la kupulizia dawa za shambani, na chini yake ahadi kwamba akimeza asubuhi vidonge vya antioksidanti, yaani viini kama vitamini C na E vinavyozuia oksijeni kali isiharibu seli, kemikali hazitamgusa mapafu kutwa nzima. Limeniudhi sana, maana atakayeliamini ni yule yule anayezivuta hizo kemikali.

Utafiti upo, sikatai. Panya wa maabara akipewa bleomisini, dawa ya saratani inayojulikana kwa kuacha makovu mapafuni, kisha akapewa vitamini E au N-asetilisisteini (dawa inayosaidia seli kutengeneza kinga yake ya asili), mara nyingi huumia kidogo kuliko mwenzake asiyepewa. Lakini angalia ratiba ya majaribio hayo. Mara nyingi kinga hutangulia sumu, au huenda nayo sambamba, au hufuata siku chache tu baadaye, kabla uvimbe haujageuka kovu. Mpulizaji wa dawa au rangi huvuta leo, kesho na mwakani, na huja kumwona daktari pumzi ikiwa imeshapungua.

Kinachonitia uchungu zaidi ni parakwati. Hii dawa ya magugu, hata ikiingilia tumboni, huishia kujazana mapafuni, kwa sababu seli za mapafu huivuta zenyewe kupitia mlango ule ule zinaopitishia poliamini, molekuli ndogo ambazo seli huzihitaji ili kukua. Ikishaingia, hupokea elektroni na kuikabidhi oksijeni. Oksijeni inageuka superoksidi, aina kali ya oksijeni inayochoma kuta za seli, na parakwati inabaki kama ilivyokuwa, tayari kupokea elektroni nyingine. Mzunguko huo unaendelea mpaka akiba ya NADPH, molekuli inayotoa elektroni hizo ndani ya seli, inakauka, na bila NADPH seli haiwezi kuirejesha glutathioni, ambayo ndiyo kinga yake ya asili. Vitamini C ikishatoa elektroni zake, nayo inahitaji kurejeshwa ndipo ifanye kazi tena. Sumu haina shida hiyo. Ndiyo maana madaktari huzuia hata oksijeni ya mtungi mpaka hali iwe mbaya kabisa, kwa kuwa inachochea uharibifu. Hebu mfikirie mgonjwa anayehema, na hewa anayoitamani ndiyo inayommaliza! Wagonjwa wa namna hii wamejaribiwa vitamini C, vitamini E na N-asetilisisteini, na mpaka leo hakuna hata moja iliyothibitishwa kuwa kiuasumu chake. Umoja wa Ulaya uliacha kuruhusu parakwati mwaka 2007, na kwangu mimi hiyo ndiyo kinga.

Ni kweli N-asetilisisteini huokoa ini la aliyezidisha parasetamoli, hasa akiiwahi ndani ya saa 8. Hiyo ni sumu nyingine na kiungo kingine. Kwa wagonjwa ambao mapafu yao yameota makovu bila chanzo kujulikana, jaribio lililochapishwa mwaka 2014 lilionyesha N-asetilisisteini haikuzuia kushuka kwa uwezo wa mapafu zaidi ya kidonge kisicho na dawa.

Na msiniambie "haina madhara." Mwaka 1994, utafiti wa Finland kwa wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000 ulikuta waliopewa beta-karotini, antioksidanti ambayo mwili huigeuza vitamini A, wakipata saratani ya mapafu zaidi kwa asilimia 18. Miaka miwili baadaye, utafiti wa Marekani uliowahusisha wavutaji sigara na wafanyakazi waliovuta asbesto ulisitishwa kabla ya wakati: waliopewa beta-karotini na vitamini A walikuwa na saratani hiyo zaidi kwa asilimia 28. Hawa ndio watu ambao tangazo lile linawalenga.

Kwa hiyo mwajiri anayegawa vidonge, hiyo pesa ainunulie barakoa zenye kichujio cha mkaa, zinazobana uso vizuri, na abadilishe vichujio kabla havijachoka. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa kemikali. Bomba linalovuja liondolewe kazini leo, na kama kuna dawa isiyo na sumu kali inayofanya kazi ile ile, aiagize hiyo.